Kiingereza cha Ireland Si Kile cha Mtihani: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuhamia Huko

Mkenya anayekwenda Ireland kufanya kazi ya uuguzi hutakiwa kuthibitisha kwamba anakimudu Kiingereza, aghalabu kwa mtihani wa IELTS au OET, kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Wauguzi na Wakunga ya nchi hiyo, NMBI. Wengi hufaulu vizuri. Hata hivyo, si ajabu mtu aliyefaulu mtihani huo akajikuta wodini katika juma lake la kwanza akiyasikia maneno anayoyajua moja moja, lakini maana ya sentensi ikampita.

Hali hiyo haitokani na upungufu wa elimu. Inatokana na ukweli kwamba Kiingereza kinachozungumzwa Ireland kina historia yake, matamshi yake na adabu zake, na sehemu kubwa ya hayo haimo katika vitabu vya kujiandaa na mtihani. Kwa mwanafunzi au mfanyakazi wa ofisini, kutoelewa huleta aibu ya muda mfupi tu. Kwa anayehudumia wagonjwa na wazee, athari yake inaweza kuwa kubwa zaidi.

Lugha ya asili ya kisiwa hicho ni Kiairishi, ambacho kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1937 ndicho lugha rasmi ya kwanza, ijapokuwa wananchi wengi hutumia Kiingereza katika shughuli za kila siku. Vizazi vilivyohamia Kiingereza, hasa katika karne ya 19, vilichukua msamiati wa lugha mpya na kuupanga kwa kanuni za lugha ya zamani. Mkenya ana kila sababu ya kulielewa jambo hili, kwani Kiingereza cha Nairobi nacho kimejengwa juu ya Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani.

Mfano ulio muhimu kuliko yote ni wa neno "after". Muuguzi wa Ireland anaweza kumwambia mwenzake anayeingia zamu, "I'm after giving her the tablets." Mgeni huweza kudhani kwamba muuguzi huyo anataka kumpa mgonjwa vidonge, au yuko mbioni kumpa. Maana yake ni kinyume kabisa: ameshampa, tena sasa hivi. Asiyejua anaweza kumpa mgonjwa dawa mara ya pili. Kwa bahati njema, Kiswahili kina muundo unaokaribiana sana na huo. Msemaji wa Kiswahili husema "nimetoka kumpa dawa," naye hamaanishi kwamba ametoka mahali popote. Anayekumbuka "nimetoka kula" hatapotezwa na "I'm after eating."

Miundo mingine nayo si migeni kwa msemaji wa Kiswahili. Kiingereza cha shuleni kina neno moja tu la kumwita mtu mmoja na watu wengi, lakini Waairishi hutofautisha kama tunavyotofautisha "wewe" na "ninyi". Wengi husema "ye", na baadhi ya watu wa Dublin husema "youse". Kiairishi hakina neno moja la "ndiyo" wala "hapana". Anayeulizwa hurudia kitenzi. Ndiyo sababu swali "Did you eat?" hujibiwa "I did," kama vile huku mtu aulizwapo "Umekula?" hujibu "Nimekula."

Upande wa matamshi unahitaji subira zaidi. Katika sehemu nyingi za nchi sauti ya "th" hukaribia "t" au "d", hivyo "three" husikika kama "tree". Jambo hili huwa gumu zaidi kwenye tarakimu, hasa "thirteen" na "thirty", ambazo hata kwa Kiingereza cha kawaida hukaribiana. Pale kiasi cha dawa, saa ya miadi au namba ya chumba inapotajwa kwa mdomo, njia salama ni kuirudia kwa kutaja tarakimu moja moja, moja na tatu au tatu na sufuri, kisha kuiandika.

Jamhuri ya Ireland ina kaunti 26, karibu nusu ya kaunti 47 za Kenya, na eneo lake ni dogo mno likilinganishwa na letu. Hata hivyo lafudhi hubadilika kwa mwendo wa saa moja ya gari. Watu wa Cork hupandisha na kushusha sauti kana kwamba wanaimba. Wa Kerry husifika kwa kasi. Wa Donegal, kaskazini-magharibi, husikika karibu na Waskoti. Jijini Dublin penyewe, msemo wa mitaa ya kale ya wafanyakazi na ule wa vitongoji vya kusini hutofautiana hata mgeni akadhani ni miji miwili. Tofauti hizo zifikiriwe kama zile za Kimvita, Kiamu na Kiunguja: anayekijua kimoja haimchukui muda mrefu kuzoea kingine, ila siku za mwanzo hutega sikio.

Baadhi ya Wakenya walikwisha kuisikia lafudhi hiyo bila kuitambua. Wamishonari na walimu wa Kiairishi wamefundisha katika shule za humu nchini kwa miongo mingi. Anayejulikana zaidi ni Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa kaunti ya Cork, aliyefika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia, na ambaye baadaye alimnoa bingwa wa mbio za mita 800 David Rudisha.

Njia nyepesi ya kuzoesha sikio ni redio. Anayejua kaunti atakayopelekwa na mwajiri wake anaweza kusikiliza kituo cha eneo hilo kupitia intaneti majuma kadhaa kabla ya kusafiri: Radio Kerry kwa wanaokwenda Kerry, au Highland Radio kwa wanaokwenda Donegal. RTÉ, shirika la utangazaji la umma, linafaa pia, ila watangazaji wake wa taarifa ya habari huzungumza kwa utaratibu kuliko mzee wa shambani atakayekuwa mgonjwa.

Mzee huyo ndiye mtihani wenyewe. Wazee wengi wa Ireland hawapendi kulalamika, nao huyapunguza maumivu yao kwa maneno. Neno "grand", ambalo katika kamusi ni adhimu au -a fahari, kwao lina maana ya "sawa" tu, na mgonjwa anaposema "I'm grand" huenda hataki kumsumbua muuguzi ingawa ana maumivu. "Not too bad" huweza kusemwa na mtu mzima wa afya, na pia na mtu aliyekesha akigugumia. Kwa hiyo haitoshi kuuliza hali. Inafaa kuuliza alilala saa ngapi, amekula nini, anaumwa wapi, na maumivu ni kiasi gani kati ya moja na kumi.

Yapo pia maneno ambayo maana yake si ile iliyozoeleka huku. Mgonjwa akisema jana alipata "a weakness," anaweza kuwa anaeleza kwamba alizimia, wala si kwamba alihisi uchovu, na habari hiyo yapaswa kuingia kwenye kumbukumbu zake. "Perished" si kufa bali ni kushikwa na baridi kali. "Press" ni kabati. "Giving out" ni kugomba au kukaripia. "Half eight" ni saa mbili na nusu, si saa moja na nusu. Mzazi akiambiwa na mwalimu kwamba mwanawe ni "bold" asifurahi akidhani anasifiwa ujasiri: mtoto amekuwa mtukutu. Na "craic", linalotamkwa sawasawa na jina la dawa ya kulevya, ni soga, furaha na habari za mjini, mtu akiuliza "What's the craic?" anasalimu tu.

Salamu nazo zina kipimo chake. Anayepita akisema "How are you?" hasubiri kusikia habari za watoto, mifugo na mvua, kama ilivyo ada kwetu. Hutarajia "Grand, thanks," na kila mmoja aendelee na safari yake. Wengine huumizwa na jambo hilo, wakaliona kuwa ni ubaridi. Lakini watu hao hao humshukuru dereva wa basi kwa sauti wakishuka, na humaliza mazungumzo ya simu kwa kuaga mara nne au tano mfululizo.

Kazini, amri huvikwa nguo ya ombi. Msimamizi akisema "You might check on room six," hakumpa mtu hiari. Amemwagiza aende sasa. Kwa upande mwingine, "I will, yeah," ikitamkwa kwa sauti fulani ya mzaha, ni kukataa. Madaktari na wakuu wa idara mara nyingi huitwa kwa majina yao ya kwanza, jambo linalowawia vigumu Wakenya waliolelewa katika heshima ya "Daktari" na "Madam". Hakuna ubaya kuanza na cheo na kusubiri kuambiwa vinginevyo, na kwa wazee ni vyema kuwauliza wenyewe wapendavyo kuitwa. Lililo baya ni kunyamaza pale mtu asipoelewa, kwa kuwa kumwomba mkubwa arudie kauli kunaonekana huku kama utovu wa adabu. Katika wodi ya Ireland, "Sorry, can you say that again?" huchukuliwa kuwa umakini wa kazi.

Kuna eneo moja ambalo Mkenya hujikuta yuko nyumbani, nalo ni msiba. Vituo vya redio vya kaunti husoma matangazo ya vifo, kama redio zetu zilivyozoea kufanya. Maziko hufanyika baada ya siku chache tu, na majirani na wafanyakazi wenza hufika nyumbani kwa marehemu au kanisani, hushika mkono wa kila mfiwa na kusema "Sorry for your loss" au "Sorry for your trouble". Si lazima mtu awe alimfahamu marehemu. Inatosha kumfahamu mtoto wake kazini. Mgeni anayehudhuria hukumbukwa. Jambo jingine linalofungua milango ni michezo ya GAA, chama kilichoanzishwa mwaka 1884, ambapo kandanda ya Kigaeli na hurling huchezwa na wachezaji wasiolipwa mishahara, kila mmoja akiitetea kaunti yake. Inatosha kujua rangi za kaunti unayoishi na matokeo ya Jumapili.

Mabango ya barabarani huandikwa kwa lugha mbili, na baadhi ya majina rasmi ni ya Kiairishi pekee. Waziri Mkuu huitwa Taoiseach. Polisi huitwa Garda, na watu huwaita "the guards", hivyo anayeambiwa awaite asiende kumtafuta soja wa lango. Basi lililoandikwa "An Lár" huelekea katikati ya jiji. Milango ya choo inastahili tahadhari ya pekee: "Fir" ni wanaume na "Mná" ni wanawake, na herufi za mwanzo zimewapotosha wengi. Namba za dharura ni 112 na 999, na mpokeaji simu huweza kuuliza Eircode, msimbo wa herufi na tarakimu saba unaoitambulisha kila anwani. Ni vyema kuukariri ule wa nyumbani siku ya kwanza.

Katikati ya Desemba jua huchomoza Dublin kama saa mbili na dakika 40 asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa kumi jioni. Mwezi Juni huzama kukaribia saa nne usiku. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo tofauti na Nairobi ni saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya kiangazi. Wanaopiga simu nyumbani wazingatie hilo.

Lafudhi ya Mkenya nayo itakuwa ngeni kwa wenyeji, na ataulizwa mara nyingi ametoka wapi. Mara nyingi swali hilo ni la udadisi tu, kwani Mwairishi humuuliza Mwairishi mwenzake swali lilo hilo ili kujua ukoo na kijiji chake. Pale maneno yanapogeuka kuwa dhihaka au ubaguzi kazini, sheria za usawa wa ajira zinamlinda mfanyakazi bila kujali utaifa wake, na malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Mahusiano Kazini, WRC.

Jambo la mwisho ni la nyaraka. Raia wa Kenya anayekaa zaidi ya siku 90 hutakiwa kujisajili na kupata kibali cha ukaazi, IRP, ambacho ada yake ya kawaida ni euro 300. Ireland haimo katika eneo la Schengen, hivyo viza yake haimruhusu mwenyewe kwenda Ufaransa au Uhispania. Aidha, Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Kwa kawaida hakuna kizuizi barabarani kati ya Dublin na Belfast, na mtu anaweza kuvuka asitambue, lakini Mkenya asiye na viza ya Uingereza huwa amevunja sheria mara tu anapovuka. Wanaoishi Donegal wawe waangalifu zaidi, kwani njia ya mkato ya kwenda Dublin hupita katika ardhi hiyo. Wenye maswali wanaweza kuyapeleka kwa Ubalozi wa Kenya ulioko Dublin, au kwa Ubalozi wa Ireland jijini Nairobi kabla ya kuondoka.