Kinundu Nyuma ya Sikio

Wajukuu zangu, kila mmoja apeleke kidole nyuma ya sikio lake, pale ndewe inapoishia. Mmekigusa hicho kinundu kigumu? Ni sehemu ya mfupa wa panja iliyochomoza kuelekea chini. Madaktari hukiita mastoidi.

Sasa sikilizeni ajabu yake: mtoto mchanga hana. Mdogo wenu aliyezaliwa juzi, hapo nyuma ya sikio ni bapa. Kwa hiyo mshipa wa fahamu wa uso, ule unaotuwezesha kutabasamu na kufumba macho, kwake unapita karibu sana na ngozi, bila kinga. Ndiyo maana daktari anayemtoa mtoto tumboni kwa koleo huwa mwangalifu mno hapo.

Kinundu huanza kuota mtoto akishakaza shingo na kuinua kichwa. Nani anakivuta? Wekeni vidole vya mkono wa kulia upande wa kulia wa shingo, kisha geuzeni uso kushoto, mkaze kidogo. Umetokeza msuli, sivyo? Ufuateni kwa kidole: unashuka mshazari kutoka kwenye kinundu hadi kwenye mtulinga na mfupa wa kidari. Na oneni, msuli wa kulia ndio unaogeuza uso kushoto! Huvuta mwaka nenda mwaka rudi, na mfupa nao unazidi kuota. Kwa wanaume kwa kawaida huwa kikubwa zaidi, hivyo wataalamu wanaochunguza mafuvu hukitazama wapate kukisia kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke.

Ndani yake si mfupa mtupu. Mna vyumba vidogo vya hewa, mfano wa andazi lililoumuka vizuri, na vyumba hivyo vimeungana na sikio la kati. Hapo ndipo penye hatari. Usaha wa sikio ukiachwa bila tiba waweza kupenya humo, ukala mfupa, hata ukafika kwenye ubongo. Mwaka 1873 daktari Mjerumani, Hermann Schwartze, alieleza namna ya kuutoboa mfupa huo kwa patasi ili usaha utoke. Siku hizi dawa za kuua bakteria zimepunguza sana upasuaji huo, ila zinataka kuwahiwa.

Basi sikio likikuuma usinyamaze. Na ukiona nyuma yake pamevimba, pamekuwa pekundu, au sikio limesukumwa mbele, mwambie mzazi akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.