Utetezi wa Haki za Watu Wenye Ulemavu kama Kazi ya Maisha

Tunapozungumza juu ya watu wenye ulemavu, fikra zetu huenda kwanza kwenye sadaka na vituo vya malezi. Katika makala hii twapenda kumweleza msomaji kazi nyingine, isiyojulikana sana: kazi ya mtu aliyejitoa kudai, kutunga na kusimamia sheria inayowahusu.

Haja ya kazi hiyo ilidhihirika kwa uchungu Shinyanga na Geita. Tangu mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino (tuliowaita zeruzeru bila kujiuliza kama jina hilo lawaumiza) waliwindwa, kwa imani kwamba viungo vyao humpatia mchimbaji dhahabu na mvuvi samaki. Watoto wengi walipelekwa kituo cha Buhangija, Shinyanga, wawe salama. Ukuta uliwalinda, lakini uliwatenga pia na mama zao. Hapo mtetezi huanza kuuliza swali ambalo mlezi, kwa wingi wa kazi zake, hana nafasi ya kuliuliza: kwa nini mtoto huyu hawezi kulala kwao?

Swali hilo hujibiwa kwa kazi ya subira. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya kijana wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga na ambayo sasa imo Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Hukumu kama hiyo haipatikani pasipo shahidi kuthubutu kusema, wala shahidi hathubutu pasipo mtu wa kusimama naye miezi mingi.

Wengine waliifanya kazi hii bungeni na serikalini. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa na Rais kuwa mbunge mwaka 2008. Abdallah Possi, mwanasheria aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dodoma, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, na mwaka 2017 akawa balozi nchini Ujerumani. Wote wawili wana ualbino. Walisema juu ya maisha wanayoyajua.

Chombo chao kikuu ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Katika nchi ya migodi agizo hilo si dogo, maana mwenye mshahara hufikiriwa tofauti na jirani zake. Tena sheria hiyo yaagiza kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji.

Mwanafunzi anayevutwa na kazi hii asingoje shahada ya sheria. Akienda likizo, na amwendee mtendaji wa kijiji chake, aulize kama kamati hiyo ipo, ni nani wajumbe wake, na lini ilikutana mara ya mwisho. Kisha aombe kuona muhtasari.