Udzungwa: Msitu Unaotembelewa kwa Miguu

Wengi wetu tukisikia "hifadhi ya taifa" Tanzania tunafikiria Serengeti: gari lenye paa wazi, na simba amelala chini ya mti. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ni tofauti kabisa. Ndani yake hakuna barabara za magari. Ukitaka kuona kitu, unatembea.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina kilomita za mraba 1,990, kati ya mikoa ya Morogoro na Iringa. Njia inayopendwa sana ni ya maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170. Nilipanda huko likizo iliyopita pamoja na binamu zangu wanaoishi Ifakara. Msitu ni mzito, hivyo macho hayasaidii sana. Kaka aliyetuongoza, mzaliwa wa kijiji cha jirani, alisikia mbega kabla sisi hatujaona hata jani likitikisika.

Sayansi nayo ilianza kuujua msitu huu kwa njia kama hiyo. Mwaka 1979 watafiti walisikia mlio wa nyani wasiyemfahamu. Wenyeji walimjua zamani, walimwita ngolaga. Leo vitabu vinamtaja kwa jina la kijiji cha Sanje, naye hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Mwaka 1991 ikawa zamu ya kwale: watafiti waligundua ndege mpya baada ya kuona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kambini! Ndugu zake wa karibu wako Asia. Kisha akaja kipunji, aliyetangazwa mwaka 2005 baada ya kuonekana Rungwe na Udzungwa. Jina lake walilitoa wawindaji wa Kinyakyusa.

Kwa hiyo tukisoma kwamba mnyama fulani "aligunduliwa", tujiulize: na nani? Mara nyingi kulikuwa na mtu aliyemjua tayari, ila hakuulizwa.

Swali hilo lina uzito hadi leo. Zamani wanavijiji waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Sababu inaeleweka: wanyama hawa hawana pa kwenda, na vijito vya mlimani ndivyo vinavyopeleka maji vijijini na kwenye mashamba ya miwa na mpunga bondeni. Lakini familia inayopikia kuni ndiyo iliyobeba mzigo. Msitu ukilindwa kwa ajili ya dunia nzima, jirani yake naye apate chochote.

Mgeni anaweza kuchangia kidogo. Lala Mang'ula, karibu na lango. Kula kwa mama lishe. Tembea na mwongozaji wa hapohapo. Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu, njia hazitelezi sana. Kuhusu kiingilio, kumbuka kwamba bei nafuu ni ya raia wa Afrika Mashariki. Kama pasipoti yako ni ya huku, Kiswahili chako kizuri hakitakupunguzia hata senti!

Lakini njiani kitakufaa. Mwulize mwongozaji kila mnyama anaitwaje kwao, na uandike jina hilo kwanza, kabla hujafungua kitabu cha wanyama.