Jifunze Kuutua Mzigo wa Kazi Kila Siku

Bosi amekuita ghafla. Kabla hujainuka kwenye kiti, moyo umeshaanza kwenda mbio na viganja vimelowa jasho. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu. Kisha hufuata kortisoli, homoni inayoongeza sukari kwenye damu ili mwili upate nguvu. Umeandaliwa kupambana au kukimbia. Jambo likiisha, mwili hutulia.

Kazi nyingi za leo haziishi. Kundi la WhatsApp la ofisini linalia saa tatu usiku, na hesabu za kufunga mwezi zinakufuata hadi kitandani. Mwili ukikesha hivyo siku nyingi, usingizi hukatika, hasira huwa karibu na moyo huelemewa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Dawa ninayoisisitiza ni kuutua mzigo kidogo kidogo, kabla haujakulaza.

Anza na pumzi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Mtu anapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kasi, ndiyo maana kuirefusha hutuliza. Dakika mbili zinatosha, hata ukiwa ndani ya daladala.

Mchana, ondoka mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Wengi huzimalizia mbele ya kompyuta, kijiko mkono mmoja. Nenda kwa mama lishe, kaa kivulini, zungumza na mwenzio habari za nyumbani.

Angalia pia saa ya kahawa. Kwa mtu mzima, kafeini huchukua takribani saa tano kupungua nusu. Ukinywa kikombe saa kumi alasiri, nusu yake bado imo mwilini saa tatu usiku.

Kabla ya kufunga ofisi, andika yaliyobaki na lile utakaloanza nalo kesho. Akili hulishikilia jambo lililoachwa katikati. Likishapata mahali pa kukaa, huliachia. Karatasi hiyo ibaki ofisini.

Ukifanya yote haya na bado usingizi ukakupotea kwa wiki kadhaa, muone daktari. Usione haya.

Nanyi wakuu wa idara, mazoea haya hayawezi kubeba kazi ya watu watatu aliyopewa mmoja. Anayetuma maagizo usiku anamtwisha mwenzake gunia alilokwisha kulitua. Agizo linaloweza kusubiri asubuhi, liacheni lisubiri.