Gari lililoshushwa si lazima lishike barabara

Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Nilizikumbuka nasaha hizo jioni moja nilipoabiri gari la mpwa wangu, Subaru Impreza alilolinunua baada ya miaka mingi ya kudunduiza mshahara wake wa ualimu. Tuliondoka Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji, ile ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, tukapita Museum Hill na kushika Waiyaki Way kuelekea Kangemi. Gari lilikuwa limeshushwa hata likakaribia kulamba lami. "Mjomba," akaniambia kwa fahari, "sasa linashika barabara kama la mashindano."

Hatukufika mbali. Msichana aliyevaa sare za shule aliingia kwenye kivuko cha wapita njia mbele yetu. Mpwa wangu alikanyaga breki mapema, wala hakuwa akienda kwa kasi ya kutisha. Lakini lami mahali pale ilikuwa imejikunja mawimbimawimbi kwa uzito wa malori, na gari, badala ya kutulia, lilianza kurukaruka kama mwanambuzi. Tulisimama hatua mbili tu kutoka kwa mtoto yule. Alitutazama, akavuka, akaenda zake. Sisi tulibaki kimya hadi Uthiru.

Mpenzi msomaji, nia yangu si kumsimanga kijana huyu. Kupenda gari jepesi, lenye kutii usukani, si dhambi. Ninalolalamikia ni imani iliyoenea miongoni mwa vijana wetu kwamba gari likiwa gumu na fupi ndilo lililo bora katika kona. Imani hiyo ni kosa la kisayansi kabla ya kuwa kosa la kimaadili, na walimu wa fizikia wanaweza kulirekebisha kwa chaki na ubao.

Hebu tuanze na springi. Kazi yake ni kubeba uzito wa gari na kuliruhusu gurudumu kupanda na kushuka kwa kufuata uso wa barabara. Kanuni ya Hooke, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huifahamu, yasema kuwa ukiongeza uzito maradufu, springi nayo itabonyea maradufu. Lakini springi iliyobonyezwa haikai kimya. Hurudi juu, ikashuka tena, ikapanda tena. Kinachoizima tamaa hiyo ya kucheza ni shokomzoba, au shoki kama wasemavyo mafundi wetu. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu za mrindimo hugeuka kuwa joto. Springi bila shoki nzima ni ngoma bila mwenye kuituliza.

Sasa tazama alilotendewa mpwa wangu. Fundi mmoja alizikata springi zake za asili, akaziacha shoki kuukuu zilizokuja na gari. Springi ikipunguzwa mizunguko huwa ngumu zaidi. Ukiikata nusu, ugumu wake huongezeka mara mbili. Hivyo gari lilipata springi zenye nguvu kuliko awali, likabaki na shoki dhaifu zisizoweza kuzituliza. Isitoshe, gari likishushwa sentimita 5, gurudumu limenyang'anywa sentimita 5 za kupandia likutanapo na tuta. Tairi likiruka hewani, hata kwa kitambo cha kupepesa jicho, halina breki wala usukani. Tairi lisilogusa barabara haliwezi kuishika.

Wapo watakaosema kuwa gari gumu halilali upande katika kona. Ni kweli halilali sana, lakini macho hudanganya. Jumla ya uzito unaohamia magurudumu ya nje hutegemea kasi, ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito na upana wa gari. Kushusha gari hupunguza kimo hicho kidogo tu. Ugumu wa springi haupunguzi jumla hiyo. Huamua tu jinsi itakavyogawanywa kati ya mbele na nyuma. Dereva huhisi uthabiti ambao tairi halina habari nao.

Aidha, tusisahau mahali tunapoishi. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa takriban kilomita 27, ni laini. Lakini nani huishi juu yake? Ukishuka Westlands ukaendelea hadi Uthiru, kisha ukakata kuingia Naivasha Road, ukapita Kawangware hadi Dagoretti Corner, utakutana na matuta, viraka, mashimo na mikokoteni. Barabara hiyo ndiyo inayopaswa kumchagulia mtu springi, si picha za magari ya Tokyo.

Ikiwa wataka mfano, usiutafute mbali. Safari Rally ilianza mwaka 1953 katika nchi hizi zetu, na mwaka 1997 Colin McRae wa Uskoti aliishinda akiendesha Subaru Impreza, jina lilelile wanalolienzi vijana wetu. Richard Burns wa Uingereza aliurudia ushindi huo kwa Impreza mwaka 2000. Je, magari yale yalikuwa yamekatwa springi? La hasha! Yaliinuliwa, yakapewa nafasi kubwa ya gurudumu kupanda na kushuka, na shoki imara za kuvumilia mawe na makorongo. Mabingwa walijua kuwa ardhi ya Kenya haitishwi kwa ugumu.

Basi mwenye fedha kidogo na hamu ya gari lenye kutii afanye nini? Kwanza, arudishe kilichochakaa. Sheria yetu haikubali kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8, lakini miaka hiyo yatosha kuzeesha bushi za mpira na kuzivujisha shoki mafuta. Gari lililorejeshewa bushi na boljointi mpya huwa kama limezaliwa upya, na mara nyingi mwenyewe hugundua kwamba hakuhitaji zaidi.

Pili, matairi mazuri yenye upepo uliopendekezwa na kiwanda. Tatu, shoki bora, zikibadilishwa mbili mbili katika ekseli moja. Nne, iwapo bado ana haja, springi zilizotengenezwa kwa gari hilo, ngumu kidogo tu kuliko za asili na zenye kulingana na shoki zake. Tano, stabilaiza, yaani ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Subaru huelemewa na injini mbele, hivyo hupenda kusonga mbele badala ya kukata kona. Stabilaiza nene zaidi ya nyuma hupunguza ukaidi huo. Lakini hapa pia hesabu ina makali. Ugumu wa fimbo hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne, kwa hivyo kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la karibu asilimia 46. Ukizidisha, mkia wa gari utateleza siku ya mvua. Mwisho, kila badiliko lifuatwe na kupimwa kwa mwelekeo wa magurudumu.

Naam, yote hayo hayamruhusu mtu kukimbia. Ndani ya jiji kikomo cha sheria ni kilomita 50 kwa saa, na kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne. Hakuna springi inayouzwa popote iwezayo kuifuta hesabu hiyo.

Mpwa wangu aliziondoa springi zile wiki iliyofuata, akanunua nyingine za kimo cha asili pamoja na shoki mpya. Gari lake halivutii macho tena katika maegesho ya shule. Lakini springi moja iliyokatwa ameihifadhi darasani, juu ya meza, kando ya mizani. Anapofika kwenye somo la Hooke huwapa wanafunzi waibonyeze kwa mikono, kisha huwasimulia habari za msichana wa Waiyaki Way. Nimeambiwa kuwa hakuna somo wanalolisikiliza kwa makini kuliko hilo.