Kwa nini nasema kasi ‘mwafaka’ wala si kasi ‘bora’

Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Sharti mojawapo lilikuwa cheti cha kuthibitisha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni. (Neno ‘sumukuvu’ ni la wenzetu Watanzania, nalipenda kwa kuwa linajieleza.)

Juzi nikiwa Busia, mama mmoja anayeuza mahindi aliniuliza: “Mwalimu, hiyo mashine ya kupima si waiendeshe mbio tu, lori litoke?” Mimi ni mtu wa lugha. Nikalipeleka swali kwa mwanakemia chuoni.

Mashine yenyewe hutumia kromatografia ya kiowevu. Sampuli husukumwa na kiowevu ndani ya safu, yaani mrija wa chuma wenye urefu wa sentimita 25 hivi, uliojazwa chembe ndogo mno. Aflatoksini nne, B1, B2, G1 na G2, hunaswa na chembe hizo kwa muda tofauti, hivyo hutoka moja baada ya nyingine, kila moja ikichora kilele chake kwenye grafu. Vilele vikitanuka na kuingiliana, kiwango kinachosomwa hakiaminiki.

Kiowevu kikienda polepole mno, molekuli hutawanyika zenyewe, mithili ya madereva waliokwama foleni ya Malaba: huyu kaenda chai, yule kubadilisha pesa. Kikienda mbio mno, baadhi huwa bado zimo kwenye vitundu vya chembe huku nyingine zikisombwa mbele. Hali zote mbili hutanua kilele. Mwaka 1956 Mholanzi J. J. van Deemter na wenzake wawili waliliweka jambo hili katika mlinganyo. Grafu yake hushuka, hufika chini, kisha hupanda tena. Pale chini kabisa ndipo penye kasi inayotafutwa.

Kuipata ni kazi ya subira. Sampuli ileile hupitishwa kwa mililita 0.4 kwa dakika, kisha 0.6, 0.8, 1.0, 1.2 na kuendelea. Kila mara hupimwa wembamba wa kilele ukilinganishwa na muda kilichochukua kutoka. Aghalabu mtaalamu huchagua kasi iliyozidi kidogo ile ya pale chini, maana grafu hupanda taratibu upande huo na muda huokolewa, mradi shinikizo lisizidi uwezo wa pampu na safu. Akibadilisha safu, anaanza upya: chembe ndogo zaidi hutaka kasi kubwa zaidi.

Ndiyo maana siridhiki na ‘kasi bora’. Sokoni ‘bora’ hupanda tu: bora, bora zaidi. ‘Mwafaka’ hudai kulingana na kitu fulani, na hapa kitu hicho ni safu.

Niliporudi Busia nilimweleza yule mama.

“Kwa hivyo wakikimbiza sana, itasema mahindi yangu ni mabaya?”

“Au iseme ni mazuri, kumbe siyo.”

Akanyamaza, akayatazama magunia yake.