Zaka, Fungu la Kumi na Ushuru: Maneno ya Utoaji katika Makanisa ya Arusha

Katika Daraja Mbili, mojawapo ya kata za jiji la Arusha, Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali hukaa mitaa mimoja, na neno zaka husikika vinywani mwa wote. Lakini ukiulizwa kiasi cha zaka, mwenye kuitoa na mwenye kuipokea, majibu hutofautiana. Katika tofauti hiyo limo swali ambalo Wakristo wenyewe hawajalimaliza: je, Mkristo anadaiwa na kanisa lake sehemu ya kumi ya pato lake, au huitoa kwa hiari ya moyo? Mahubiri hulijibu swali hili kwa namna nyingi. Lugha nayo ina ushahidi wake, na ushahidi huo wastahili kupimwa.

Yafaa kuanza na neno zaka lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kutakasika na kukua. Hesabu ya kumi haimo kabisa katika neno hili. Katika sheria ya Kiislamu zaka ya fedha na ya bidhaa za biashara ni sehemu moja katika arobaini, yaani 2.5 kwa mia, nayo haimpasi mtu mpaka mali yake ifikie kiwango kiitwacho nisabu na kutimiza mwaka mikononi mwake. Ni katika mazao ya shamba tu ndipo sehemu ya kumi inapoonekana: shamba likinyweshwa na mvua hutolewa moja katika kumi, na likinyweshwa kwa kazi ya mwenyewe hutolewa moja katika ishirini.

Neno lenye kumi ndani yake ni jingine, nalo ni ushuru. Kwa Kiarabu asili yake ni sehemu ya kumi, na katika hesabu za zamani za Kiswahili sehemu hiyo iliitwa ushuri, kama vile ya tatu ilivyoitwa thuluthi na ya sita sudusi. Wakristo wasemao Kiarabu hutumia neno la mzizi huo huo kwa utoaji wao wa sehemu ya kumi. Lakini katika pwani ya Afrika ya Mashariki ushuru ulikwisha kuwa neno la forodhani. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa 5 kwa mia juu ya bidhaa ziingiazo, na leo ushuru waweza kuwa wa kiasi chochote. Basi neno lenye kumi lilipoteza kumi yake, na neno lisilokuwa na kumi likapewa kumi na Wakristo. Huenda watafsiri wa Biblia waliona haya kulitoa neno forodhani na kuliingiza kanisani. Walichukua neno la ibada, ingawa lilikuwa ibada ya jirani.

Si wote walioridhika na maneno ya Kiarabu. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kuyapunguza na kuweka maneno ya asili ya Kibantu mahali pake. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, ilitumia njia zote mbili: katika kitabu cha Malaki msomaji hukuta zaka, na katika Mwanzo, Abramu akutanapo na Melkizedeki, hukuta fungu la kumi. Kwa hiyo Mkristo wa Arusha amerithi majina mawili ya kitu kimoja, na kwa kuwa lugha haipendi kubeba majina mawili bure, madhehebu yamegawana. Katika parokia za Kikatoliki husikika zaidi zaka. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste fungu la kumi ndilo litajwalo sana.

Fungu la kumi laonekana kuwa jepesi, lakini lina utata wake. Fungu ni kitu kilichogawanywa au kukusanywa pamoja. Muuza nyanya katika soko la Kilombero hupanga mafungu kwa jicho, wala hakuna mizani. Na maneno la kumi katika Kiswahili huonyesha cheo katika mfuatano: siku ya kumi ni ile ijayo baada ya siku tisa. Kwa sarufi tupu, fungu la kumi ni lile la mwisho, baada ya tisa kutengwa. Katika Walawi 27 jambo ndivyo lilivyo hasa, maana mchungaji huhesabu wanyama wapitao chini ya fimbo, na yule wa kumi huwa mtakatifu. Wahubiri wengi, hata hivyo, hufundisha kwamba fungu la kumi litolewe kwanza, kabla ya chakula na karo. Wazo hili la kutanguliza lina neno lake katika Kiswahili, nalo ni malimbuko, mazao ya kwanza yavunwayo. Hapa maana ya malimbuko imehamia katika fungu la kumi, na mkutano husikiliza bila kukwazwa na sarufi.

Lakini majina hayatoshi kuonyesha imani ya msemaji. Kitendo ndicho kinachoonyesha. Wakristo hutumia vitendo vitatu pamoja na zaka, na kila kimoja kina mafundisho ndani yake. Asemaye kulipa zaka akubali kwamba kuna deni, kwa maana Kiswahili hakilipi kisichodaiwa. Asemaye kutoa huacha mlango wa hiari wazi. Waadventista Wasabato, ambao kituo chao cha kwanza katika nchi hii kilianzishwa Giti, Upare, mwaka 1903, na ambao leo wana chuo kikuu karibu na Usa River, hupenda kusema kurudisha zaka. Katika neno hilo, sehemu ya kumi haikuwa mali ya mtu hata siku moja: alishikishwa tu, naye airejesha kwa mwenyewe. Wao huitenga kabisa na sadaka, ambayo kiasi chake huachiwa moyo wa mtu.

Walutheri wa Meru na Arusha wamekuwa na desturi nyingine. Wamisionari wa Leipzig walianza kituo cha Nkoaranga mwaka 1902, na mlimani hapo mali ya mtu ilikuwa ndizi, mifugo, na baadaye kahawa. Mpaka leo, baada ya ibada, mkungu wa ndizi, mayai au kuku aliyeletwa madhabahuni hunadiwa nje ya kanisa, na fedha zake huingia katika hesabu ya usharika. Neno la utoaji huu ni sadaka, na kitendo chake ni kutoa. Kumi haihesabiwi: mwenye mkungu mmoja hawezi kuugawa mara kumi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 nayo, katika kanuni ya 222, yawapasa waumini kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, lakini haitaji sehemu ya kumi. Hivyo zaka ya parokia, kwa sheria hiyo, ni wajibu usio na hesabu ya kumi.

Kwa nini basi watu hutoa? Wengine kwa amri, wengine kwa shukrani, wengine kwa kutumaini baraka iliyoahidiwa katika Malaki. Iko pia sababu ya kawaida: mchungaji hula, na paa huvuja. Huko Ujerumani leo kodi ya kanisa hukusanywa pamoja na kodi ya mapato, kwa kiasi cha 8 au 9 kwa mia ya kodi hiyo. Huko Uingereza zaka ya mazao ilidaiwa kwa sheria, mpaka Bunge lilipoigeuza kuwa malipo ya fedha mwaka 1836. Tanzania haina sheria ya namna hii. Kitendo kulipa, kitumikapo Daraja Mbili, hakina hakimu nyuma yake ila dhamiri, na pengine kadi au bahasha yenye jina la muumini.

Hapa ndipo jambo zito lilipo. Zaka ya Kiislamu ina pande mbili: Kurani, katika sura ya 9, aya ya 60, hutaja aina nane za wapokeaji, na maskini ndio watajwao kwanza. Mjane auzaye ndizi njiani, ambaye mtaji wake na faida yake vimo katika kitambaa kimoja, hafikii nisabu. Kwa jirani yake Mwislamu mtu kama huyo ni mpokeaji wa zaka. Kanisani hesabu yake ni ya mtoaji. Neno limevuka kutoka msikitini hadi kanisani, lakini nisabu haikuvuka pamoja nalo, wala orodha ya wapokeaji. Na si kwamba Biblia haina orodha hiyo. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 14 na ya 26, yaagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu iliwe na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mara nyingi Malaki husomwa siku ya mahubiri ya utoaji. Sura hizi mbili husomwa kwa nadra.

Kwa hiyo mtunga kamusi hatoshi kuandika kwamba zaka ni sehemu ya kumi. Yampasa aonyeshe matumizi mawili yaliyo mbalimbali, aeleze kwamba kumi ni nyongeza ya Wakristo, na aweke kando ya jina vitendo vyake vitatu: kulipa, kutoa na kurudisha. Yampasa pia aongeze kitendo cha nne, ambacho Kiswahili kilikuwa nacho tangu zamani na ambacho makanisani hakisikiki sana pamoja na neno hili, nacho ni kupokea zaka. Yule mjane wa ndizi angelijua mara moja neno hilo lamhusu nani.